Jumuiya Iliyokufa Bila Kuaga

Kila Jumamosi mchana vijana wa kundi letu tunakutana hapa Lubaga, si mbali na barabara ya Natete, kufanya mdahalo. Wako Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, Wasudani Kusini wachache, na Waganda wa mtaani waliozoea kuja. Kazi yangu ni kuchagua mada na kuangalia watu wasigombane. Siku moja niliandika ubaoni: "Kongo itoke Jumuiya ya Afrika Mashariki, au ibaki?"

Kijana mmoja wa Goma alisimama wa kwanza. Akasema jambo lenyewe ni rahisi. "Si ni barua tu? Rais anaandika barua moja, kesho tuko nje." Watu wakapiga makofi. Na mimi, niseme ukweli, kidogo nipige.

Mzee mwenye ule uwanja alikuwa amekaa barazani kwake, anasikiliza. Sisi tunamwita Jajja kama Waganda wanavyomwita. Ana miaka sabini na kitu. Akauliza kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko chetu: "Barua gani? Jumuiya yetu sisi ilikufa na hakuna aliyeandika barua."

Kumbe Jajja alikuwa mfanyakazi wa shirika moja la Jumuiya ile ya zamani. Aliingia kazini mwaka 1972 akiwa kijana wa miaka 20, na Kiswahili alikipata hapohapo ofisini, kwa Wakenya na Watanzania waliokaa naye meza moja. Nikaona aibu. Shuleni tulikariri kwamba Jumuiya ilivunjika mwaka 1977 kwa sababu ya tofauti za siasa na uchumi, ukiandika hivyo unapewa alama zako mbili, basi. Namna ilivyovunjika hatukuuliza. Nikaanza kuuliza na kusoma, na haya ndiyo niliyoyakuta.

Kilima chetu na mgomo wa kwanza

Nianzie hapahapa tunapoishi. Ukitoka Lubaga kanisani ukashuka na kupanda tena, uko Mengo, kwenye ikulu ya Kabaka na Bulange, nyumba ya baraza la Buganda. Tunapita hapo kila siku na bodaboda bila kujua kwamba ubishi wa kuungana au kutoungana Afrika Mashariki uliwahi kumng'oa mfalme kwenye kilima hiki.

Waingereza walikuwa wameshaunganisha mambo mengi. Forodha ya Kenya na Uganda ilikuwa moja tangu 1917, Tanganyika ikaingia miaka iliyofuata, reli na posta vikafuata. Halafu tarehe 30 Juni 1953 waziri wa makoloni, Oliver Lyttelton, alizungumza kwenye karamu London akagusia uwezekano wa nchi hizi kuwa shirikisho. Yalikuwa maneno ya baada ya chakula. Lakini yalipofika Mengo, yalifika kama moto. Buganda ilitazama Kenya, ikaona walowezi wazungu na watu walionyang'anywa ardhi. Ikasema: sisi humo hatuingii.

Kabaka Mutesa II alikataa, akataka pia Buganda ipewe ratiba ya uhuru wake yenyewe. Gavana Andrew Cohen akamtaka aweke saini kwamba atafuata sera ya serikali. Hakuweka. Tarehe 30 Novemba 1953 alikamatwa na kupandishwa ndege kwenda Uingereza. Alikuwa na miaka 29, kijana kama wengi wanaosoma ukurasa huu. Alirudi Oktoba 1955, baada ya watu wake kumlilia na baada ya serikali kuahidi kwamba shirikisho halitalazimishwa.

Nakumbusha hili kwa sababu watu husema mtu anayeogopa muungano ni mjinga. Watu wa Mengo hawakuwa wajinga. Waliuliza swali ambalo Mkongomani yeyote wa leo anaweza kuuliza: tukiingia nyumba moja na mwenye nguvu kuliko sisi, ardhi yetu itabaki ya nani?

Saini tatu Kampala

Uhuru ukaja, na marais wapya wakaona afadhali kushirikiana kwa hiari yao. Tarehe 6 Juni 1967 Jomo Kenyatta, Julius Nyerere na Milton Obote waliweka saini mkataba wa Jumuiya, na waliuweka hapa Kampala. Ukaanza kazi tarehe 1 Desemba mwaka huo. Mwaka mmoja tu kabla, Mei 1966, jeshi la Obote lilikuwa limeshambulia ikulu ya Mengo, na Mutesa akatoroka, akavuka mpaka, akafika Burundi, kisha Uingereza. Alifia London mwaka 1969. Yaani mji uliosherehekea umoja wa nchi tatu ulikuwa umetoka kumfanya mfalme wake mkimbizi.

Hata hivyo, mkataba ulikuwa kazi ya watu waliofikiri. Walijua Kenya ina viwanda vingi kuliko wenzake na faida ya soko inaelekea Nairobi. Kwa hiyo wakaweka kodi maalum ya kulinda viwanda vya Uganda na Tanzania. Wakaanzisha Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki, na wakakubaliana kwamba mikopo yake iende asilimia 38.75 Uganda, asilimia 38.75 Tanzania, na 22.5 Kenya. Makao nayo yakagawanywa: Jumuiya yenyewe Arusha, reli na ndege Nairobi, bandari Dar es Salaam, posta na simu Kampala pamoja na benki. Kila mmoja ashike kitu, asijione amealikwa tu.

Kosa lilikuwa sehemu moja. Juu ya yote waliweka chombo kilichoitwa Mamlaka ya Jumuiya, na Mamlaka ilikuwa marais watatu. Mambo makubwa yote yaliishia kwao, na walipaswa kukubaliana wote watatu. Wakati wanaandika, nadhani haikuonekana shida. Walikuwa wanafahamiana. Hakuna aliyefikiri kwamba siku moja mmoja wao hatataka kumwona mwenzake usoni.

Kiti kitupu

Tarehe 25 Januari 1971 Obote akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, Idi Amin alichukua nchi. Hapa Mengo wengi walifurahi, kwa sababu ya yale ya 1966. Amin akarudisha mwili wa Mutesa, akazikwa Kasubi, na furaha ikazidi. Haikudumu.

Nyerere alimpokea Obote Dar es Salaam na akakataa kumtambua Amin. Hakukubali kukaa naye meza moja. Na kwa kuwa Mamlaka ilikuwa watu watatu, baada ya mapinduzi yale Mamlaka haikukaa tena hata mara moja. Miaka sita! Kilichofanyika ni karatasi kuzungushwa: ikasomwa Nairobi, ikapelekwa Dar, ikaletwa Kampala, anayekubali anaweka saini. Mambo madogo yalipita hivyo. Mambo makubwa hayakupita, kwa sababu mambo makubwa yanataka watu wabishane, wakasirike, wanywe chai, warudi tena mezani.

Tafadhali msinielewe kwamba ugomvi ulikuwa wa Nyerere na Amin peke yao. Tanzania ilikuwa imeshika ujamaa tangu Azimio la Arusha la 1967, Kenya ilishika ubepari, na kila upande uliona mwenzake anamnyonya au anamdharau. Mashirika yalianza kubaki na fedha zilizotakiwa kupelekwa makao makuu. Mwaka 1972 Amin aliwafukuza Waasia kwa siku 90, na mwaka huohuo wafuasi wa Obote walivamia kutoka Tanzania wakashindwa. Mwaka 1976 Amin alidai sehemu ya ardhi ya Kenya ni ya Uganda. Katikati ya miaka hiyo ikaundwa tume ya kurekebisha mkataba, chini ya William Demas wa Trinidad. Nchi hazikukubaliana. Na hata zingekubaliana chini, wale wa juu wangekaa wapi kupitisha?

Mwanzoni mwa 1977 Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilisimama, limelemewa na madeni. Kenya ikaanzisha Kenya Airways. Tarehe 4 Februari Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na magari ya watalii na ndege ndogo za upande wa pili zikazuiwa hukohuko. Halafu ikafika tarehe 30 Juni 1977, mwisho wa mwaka wa fedha. Bajeti ya Jumuiya haikuwa imepitishwa. Tarehe 1 Julai ikakucha na hakuna hela.

Huo ndio mwisho wenyewe. Hapakuwa na kura bungeni wala tangazo la nchi kwamba "tumejitoa". Jajja alinieleza hivi: "Sisi hatukufukuzwa, hatukuachishwa. Mkenya aliyekaa upande huu aliondoka, Mtanzania aliyekaa upande ule aliondoka. Meza zilibaki. Mimi nikaendelea kuja kazini, lakini kazi ilikuwa ya nani sijui."

Nani alilipa

Marais hawakulala njaa. Walioumia ni watu wa meza zile, na wafanyabiashara wa mipakani, na familia zilizokuwa na mume huku na mke kule.

Mali ikagawanywa, mara nyingi kwa mtindo wa kilicho kwako ni chako. Ziwa Victoria palikuwa na meli mbili pacha za kubebea mabehewa ya treni, moja inaitwa Uhuru, nyingine Umoja. Uhuru ikabaki Kenya. Umoja ikabaki Tanzania. Uganda, nchi isiyo na bahari na inayohitaji njia kuliko wote, haikupata hata moja kati ya hizo mbili. Niliposimulia hili kwenye mdahalo walicheka, lakini ni kicheko cha uchungu.

Benki ya Dunia na nchi tatu zilimkubali mpatanishi, Victor Umbricht wa Uswisi. Mwaka 1983 mpaka wa Kenya na Tanzania ukafunguliwa, baada ya miaka zaidi ya sita. Tarehe 14 Mei 1984 ikasainiwa hati ya kugawana mali na madeni: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Kila nchi ikaahidi kulipa mafao ya raia wake. Kuahidi ni rahisi. Tanzania, maneno "wastaafu wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki" yalikuwa yanasikika kwenye habari hadi miaka ya 2000, wazee wakienda mahakamani na kuandamana Dar es Salaam kudai jasho lao la kabla ya 1977. Wengi walikufa wakidai. Nchi zinaweza kuachana kwa siku moja, lakini hesabu ya wafanyakazi wao inachukua maisha mazima ya mtu.

Kitu kimoja hakikufa. Benki ile ya Maendeleo iliendelea, ikapata hati yake mwaka 1980, na mpaka leo makao yake ni hapa Kampala. Ilikuwa na bodi yake na hesabu zake. Haikuwa lazima marais watatu wakutane ndipo iamke asubuhi.

Je, Nyerere alikosea?

Hapa ndipo mdahalo wetu uliwaka. Msichana mmoja kutoka Bukavu alisema: "Wewe unatuambia tukae na watu waliotuua. Wewe ungekaa?"

Nilinyamaza kidogo. Mimi pia ni mtoto wa watu waliokimbia. Siwezi kumwambia mtu yeyote, awe rais au mama wa sokoni, kwamba lazima akae meza moja na aliyemchomea nyumba. Na Amin aliua. Aliua Waganda wengi, wengine wakakimbilia Kenya na Tanzania. Watu wanaotupangisha nyumba leo, baba zao walikuwa wakimbizi kama sisi. Nyerere alikataa kumpa heshima mtu kama huyo. Sioni kosa hapo. Mwishoni Amin alivamia Kagera, Oktoba 1978, vita ikaja, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilianguka. Majeshi ya Tanzania na Waganda waliokuwa uhamishoni yalikuwa yamepanda kwa barabara ya Masaka, ileile inayoingia mjini kupitia Natete, huku kwetu.

Kwa hiyo jibu langu kwa yule dada ni hili. Nyerere alikuwa na haki ya kukataa kiti, lakini wale walioandika mkataba walikosea kuning'iniza mkate wa watu wote kwenye kiti hicho. Mfanyakazi wa posta hakuwa amemtambua Amin wala kumkataa. Alikuwa anagonga mihuri. Ugomvi wa juu ungeweza kuwa na njia yake, na mihuri ikaendelea kugongwa, kama ile benki ilivyoendelea. Njia hiyo haikuwepo.

Leo

Jumuiya ya sasa ilisainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Angalia tarehe: ni siku ileile Mutesa alipopandishwa ndege, miaka 46 baadaye. Rwanda na Burundi ziliingia 2007, Sudan Kusini 2016, Kongo 2022, Somalia 2024. Nchi nane, na karibu wote tunaokaa kwenye uwanja wa Jajja tunatoka ndani yake. Tumekimbia kutoka nchi mwanachama kwenda nchi mwanachama.

Ndiyo maana vijana wanakasirika. Jeshi la Jumuiya lilikuja Kongo ya mashariki Novemba 2022, na Desemba 2023 likaondoka kwa sababu Kinshasa haikutaka kuongeza muda wake. Mwishoni mwa Januari 2025 M23 waliingia Goma. Tarehe 29 Januari wakuu wa Jumuiya waliitana kwa video. Rais Tshisekedi hakuhudhuria. Juni mwaka huohuo Rwanda ilitangaza kwamba inajitoa kwenye jumuiya nyingine, ile ya uchumi ya Afrika ya Kati, ikiilaumu Kongo. Niliposoma hizo habari nilimkumbuka Jajja. Kiti kitupu hapa, kiti kitupu pale.

Tofauti na zamani, mkataba wa sasa una mlango wa kutokea. Ibara ya 145 inasema nchi inaweza kujitoa ikiwa bunge lake litaamua kwa theluthi mbili ya wabunge wote, kisha itoe taarifa ya maandishi ya miezi kumi na mbili. Kwa hiyo yule kijana wa Goma alikosea kidogo na alipatia kidogo: barua ipo, lakini kwanza bunge, na baada ya barua mwaka mzima. Tanzania ilitoka COMESA mwaka 2000 ikijua inaenda wapi, na hakuna mpaka uliofungwa kwa ajili hiyo. Kutoka kwa mlango si msiba.

Lakini lile kosa la zamani halijaisha. Mkutano wa Wakuu wa Nchi bado unaamua kwa kukubaliana wote. Mmoja akigoma bila kutoka, mambo makubwa yanasimama, na hakuna ibara inayohesabu miezi kumi na mbili ya kiti kitupu. Ndiyo maana mimi naogopa kugoma kuliko kutoka. Anayetoka anasema deni lake liko wapi, wanafunzi wake watafanyaje, wachuuzi wake wapite wapi. Anayegoma hasemi kitu, na siku moja ni tarehe 1 Julai.

Kuna jambo moja zaidi, na hili nawaandikia hasa ninyi mlioko Nakivale, Kyangwali na Rwamwanja, na wahudumu mnaofanya kazi huko. Ibara ya 30 ya mkataba inasema mtu yeyote ambaye ni mkazi wa nchi mwanachama anaweza kwenda Mahakama ya Afrika Mashariki, iliyoko Arusha, kupinga sheria au kitendo cha nchi kinachovunja mkataba. Neno walilotumia ni mkazi. Hawakuandika raia. Muda wa kufungua kesi ni mfupi, miezi miwili, na safari ya Arusha si ya bodaboda. Lakini mwaka 1977 Jajja hakuwa na hata hilo. Mahakama inakaa hata marais wasipokaa.

Jumamosi iliyofuata nilifuta mada ya zamani ubaoni nikaandika nyingine: "Wakuu wasipokaa, kazi gani lazima iendelee?" Hawakupiga makofi mara hii. Waliomba karatasi. Wa kwanza aliandika posta, wa pili shule, na yule msichana wa Bukavu akaandika: mpaka ubaki wazi kwa anayekimbia. Jajja aliomba asomewe orodha yote. Tulipomaliza akasema tumesahau pensheni, tukaongeza.